Mnara wa Wareno Nilioujenga Mwenyewe

Ule Mnara wa Wareno wa huku Likoni, ambao watu wazima wenye akili zao waliufanyia maandamano mara tatu, wakavaa tisheti na kupuliza tarumbeta, niliujenga mimi.

Si babu yangu. Mimi, Mwinyihaji, fundi mwashi. Mwaka wa 1996, siku tisa, na toroli moja.

Na haukuwa mnara.

Kilikuwa choo.

Ngojeni nieleze kabla hamjaniita mwongo, maana nilishaitwa mwongo hadharani, mbele ya chifu.

Kulikuwa na bwana mmoja akiitwa Nguma, shamba lake lilikuwa nyuma kidogo ya Shelly Beach. Alitaka choo cha shimo, cha mawe. Nikamjengea cha kawaida, ukuta wa kumfika mtu kichwani. Mkewe akaingia mara moja, akatoka mbio.

"Mgema yuko juu ya mnazi," akasema. "Kanisalimia!"

Haya. Nikaongeza ukuta. Mgema akahamia mnazi mrefu zaidi. Nikaongeza tena. Mgema naye hakosi mnazi. Nikaongeza mara ya tatu.

Mwisho wake choo kilifika futi kumi na nane. Mviringo, hakina paa, kina vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Mama akaridhika, nami nikaenda zangu.

Miaka ikapita. Nguma akauza shamba, akahamia Lunga Lunga. Nyumba yake ya udongo ikaanguka. Mlango wa choo ukaoza, kuta zikaota kuvu zikawa nyeusi. Kikabaki peke yake kwenye majani, kirefu, kimenuna.

Ndipo akatokea Ronny, jamaa wa bara anayetembeza watalii pale ufukweni. Siku moja mzungu akamwuliza, "Hiki ni nini?" Ronny hakujua. Lakini kazi yake haimruhusu kutojua.

"Mnara wa Wareno," akajibu. "Vile vitundu ni vya bunduki."

Kufikia Ijumaa Likoni nzima ilikuwa inajua. Baada ya mwaka, walimu walikuwa wanaleta madarasa. Binti yangu Ummi, akiwa darasa la sita, aliuandikia insha, akawa wa kwanza. Akaniletea daftari nisome.

Wewe ungesema nini?

Nilimwambia hongera.

Hapo ndipo nilipokosea.

Juzi juzi hapa wafadhili fulani wakaanza kujenga kituo cha kina mama kujifungulia. Kiwanja kile kile, hatua thelathini kutoka kwa choo. Tulifurahi mno. Mtu wa Likoni anajua: uzazi ukileta matata, usiku au mchana, lazima uvuke feri. Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa ndani ya tuktuk, kwenye foleni ya feri, kina mama wasiotujua wamezungushia leso.

Jengo lilifunikwa maturubai miezi kumi na minne. Siku walipoyatoa, watu walisimama barabarani vinywa wazi.

Lilikuwa jeupe, refu, mviringo, limejipinda kama mtu anayechungulia kwa jirani. Paa halionekani. Limejaa matundu matundu.

"Ni mtungi unaoanguka," mmoja akasema.

"Ni jino," akasema muuza madafu. "Tena jino bovu."

Bibi mmoja akaapa kwamba mjamzito akilitazama atazaa mtoto aliyepinda shingo. Kesho yake wajawazito wakaanza kupita pale wamegeuza nyuso upande wa pili. Mmoja akaingia mtaroni.

Lakini hasira yenyewe hasa ilikuwa ya mnara. Ati lile dude linaudhalilisha mnara wetu! Miaka mia tano ya historia, halafu mtu wa Nairobi anakuja kusimamisha jino kando yake!

Ikaundwa Kamati ya Kulinda Mnara. Katibu akawa Pascalia, muuza mitumba, mama ambaye akishika jambo haachi. Akachapisha tisheti za manjano. Sasa wakataka mwenyekiti anayejua mambo ya mawe.

Wakaja kwangu.

"Fundi," Pascalia akaniuliza, "yale mawe ni ya kale ama si ya kale?"

"Mawe yenyewe ni ya kale," nikasema.

Sikudanganya. Matumbawe ni ya kale kuliko Wareno. Aliyeyapanga ndiye wa juzi.

Wakapiga vigelegele. Nikavishwa tisheti.

Tukaandamana mara tatu, mimi mbele. Tulidai jino ling'olewe. Ufunguzi ukasimamishwa, vitanda vikabaki ndani na nailoni zake. Wafadhili wakatuma neno: kama hamlitaki, tunafunga na vifaa vinakwenda kwingine. Chifu akaita baraza la mwisho, Jumamosi saa nne asubuhi.

Alhamisi Ummi akaja nyumbani. Mimba ya miezi minane, presha imepanda, miguu imevimba kama mito ya kulalia.

"Baba," akasema, "huo mnara una faida gani hasa?"

"Ni historia, mwanangu."

"Basi nitazalia kwenye historia?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliitazama ile miguu, nikaiona ile foleni ya feri, na chakula kikanishinda.

Jumamosi, pale pale kiwanjani, tenti ilijaa pomoni. Msanifu wa jengo, binti aitwaye Wanjiru, alikuwa ameketi pembeni na michoro yake mapajani, hakuna aliyemsalimia. Nikaitwa kusema. Nikasimama na tisheti yangu ya manjano.

"Bismillahi. Ndugu zangu, ule si mnara. Ni choo. Nilikijenga mimi."



Baraza likalipuka.

"Amekula huyo!"

"Mwenyekiti kahongwa!"

Ronny akapanda juu ya kiti. "Buda, umeuza Wareno kwa bei gani?"

Nikawaambia basi twendeni tukachimbe. Tukaenda wote, chifu mbele, makoleo mawili. Tukatoa majani, tukatoa takataka. Chini likatokea bamba la simiti. Tundu katikati. Mahali pa mguu wa kulia. Mahali pa mguu wa kushoto.

Nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha.

Ronny akainama, akalitazama lile bamba kwa heshima zote.

"Kwani Wareno walikuwa hawaendi haja?"

Watu wakashangilia! Pascalia akasema minara iko mingi duniani, lakini choo cha Wareno kitakuwa adimu. Watu wakaanza kupiga foleni wapigwe picha nacho.

Lahaula.

Ikabidi nimpigie Nguma mwenyewe. Nikaweka sauti ya juu, nikaisogeza simu kwenye kipaza sauti cha chifu.

"Shikamoo, mzee Nguma. Ni Mwinyihaji, fundi. Unakikumbuka choo chako cha huku Shelly?"

"Marahaba! Kwani bado kimesimama?" Sauti ya mzee ikajaa kiwanja kizima. "Ulinipandishia ukuta mara tatu, wee! Mke wangu mpaka leo haisahau ile salamu. Mgema yuko hapo? Mwambieni hatujamsamehe!"

Pascalia akajifunga leso juu ya tisheti, maandishi yakafichika.

Mara tukasikia mtu akikaa chini kwa kishindo. Alikuwa Wanjiru.

"Mzee," akaniambia, "una hakika?"

"Wallahi, mwanangu."

Akafungua mchoro. "Nilikaa hapa siku nne nikiupima huu mnara. Nilitaka jengo langu liuheshimu. Mviringo wake. Matundu yake. Hiyo ya kutokuwa na paa. Hata ule mpindo."

"Mpindo upi?" chifu akauliza.

Nikatazama chini. Ule mpindo ulikuwa wangu. Mara ya tatu kuongeza ukuta, timazi langu la kunyooshea ukuta lilikuwa limetumbukia shimoni, nikaendelea kupanga mawe kwa macho.

Watu wakageuka. Wakaangalia choo. Wakaangalia kituo. Wakaangalia choo tena.

Ni kitu kimoja! Kidogo cheusi, kikubwa cheupe. Miezi yote ile tulitaka kuvunja choo cha Nguma ili tukilinde choo cha Nguma.

Wa kwanza kucheka alikuwa yule bibi wa shingo zilizopinda. Alicheka mpaka akashikiliwa. Kikawa kama moto wa makuti, kicheko kikashika watu wote. Wanjiru alikuwa akilia, kisha naye kikamshinda.

"Nani bado anapinga?" chifu akauliza, akijipangusa machozi.

Ronny peke yake akainua mkono. "Sasa watalii nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli," nikamjibu.

Aliujaribu. Siku hizi hapumziki, kila mtalii anataka kupanda mnazi aone kama ndani kunaonekana.

Kituo kilifunguliwa baada ya wiki mbili. Ummi alikuwa mama wa nne kuingia. Saa saba mchana presha ikaruka, saa nane yuko kwenye chumba cha upasuaji, saa tisa kasoro nikakabidhiwa mtoto wa kike.

"Mzee, mshukuru Mungu," muuguzi akaniambia. "Kwa presha ile, asingefika ng'ambo."

Nilitoka nje, nikaegemea ule ukuta uliopinda, nikalia kama mtoto.

Maana watu wangu hawakuwa na kosa. Waliambiwa ni mnara, wakaupenda. Mimi ndiye niliyejua tangu siku ya kwanza, nikaogopa kuchekwa siku moja, nikakaribia kumzika mwanangu.

Kwa hiyo nawe unayesoma hapa, kama kuna jambo ulijualo peke yako na watu wanaligombania, liseme lingali dogo. Ukilikalia, siku utakayolisema watakudai ushahidi, na ukiwapa ushahidi wataupigia picha.

Mimi langu nimeshalisema. Chekeni tu.