Wiki Moja ya Kwenda Suguti

Juzi kwenye semina niliambiwa kwamba kabla ya kutengeneza kitu, ni vizuri kutenga muda wa kumsikiliza atakayekitumia. Jamani! Nusura niinuke nitoke. Muda huo mimi niliuomba zamani, nikatukanwa.

Nilikuwaga mtunza stoo kwenye karakana moja pale Nyakato, Musoma. Miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, majembe yetu yaliondoka hata hayajapoa. Mteja alichukua alichopewa na kusema asante. Jembe likipinda, shauri yake. Hapo ndipo meneja wetu alipojifunza kiburi. Kisha biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa majembe ya nje, mepesi na ya bei nafuu, ya kwetu yakabaki kwangu yanaota kutu. Watu wakaanza kuhaha.

Meneja akaja na mashine ya kukata mihogo. Unazungusha mpini, muhogo unatoka vipande vyembamba, unaanika, kesho yake unasaga. Aliiona huko alikosomea, ambako muhogo ni mtamu, mtu anautafuna mbichi shambani. Sisi kwetu Suguti tunapanda michungu, maana mitamu inaishia kwa nguruwe pori. Na ule mchungu una sumu. Unaumenya, unaulundika, unaufunika majani mpaka uote ukungu, unaukwangua, ndipo unauanika juu ya majabali. Huo ndio udaga, na ukiuharakisha unakudhuru.

Nikamfuata ofisini.

"Mzee, naomba wiki moja. Nipe na fundi mmoja, twende Suguti tukakae na akina mama, tuone wanavyofanya toka kung'oa mpaka kupika, kabla hamjakata bati. Mihogo ya kule ni michungu, ina sumu."

Hata usoni hakunitazama. "Wiki nzima? Maonyesho ya Bunda yako mlangoni, wewe unataka kwenda kwenu kula sato kwa gharama za ofisi!"

"Basi hata siku mbili."

"Mama, rudi stoo. Mtu wa kijijini anaulizwa nini? Anaonyeshwa."

Mafundi waliokuwepo wakacheka, walewale niliokuwa nawafichia sabuni. Nilirudi stoo na hasira zangu. Na nawaambia ukweli, mtu yule sijamsamehe mpaka leo, wala sijajaribu.

Bunda walipiga makofi. Mashine zikapelekwa vijijini, na kwa Suguti wa kwanza kupewa alikuwa dada yangu, tumbo moja, ili awaonyeshe wenzake. Aliyeipeleka akawaambia mambo ya kuvundika ni ya kizamani, mashine inamaliza yote. Mwaka huo mvua ilikuwa imegoma, ghala la dada lilikuwa tupu, watoto wanalia njaa. Akakata asubuhi, akaanika juani, kesho yake akasaga na kusonga ugali. Haukupita muda mrefu binti yake wa mwisho akaanza kutapika, macho yakageuka, akawa hajibu akiitwa. Wakamkimbiza zahanati kwa baiskeli. Alipona, lakini kidogo tu tungemzika.

Habari zilipofika Nyakato, meneja aliniita mwenyewe, sauti laini, kiti akanivutia. Ule muda uliokosekana sasa ukapatikana! Wiki nzima, gari la ofisi na maswali yaliyochapwa kwa taipu: je, mtumiaji ameridhika na mpini? Je, angependa rangi gani? Mshenzi yule. Mtoto amenusurika kufa, yeye anauliza rangi. Maswali yake niliyatupa dirishani hata hatujafika mbali, nikaenda kumwona dada.

Nilimkuta ameketi uani, binti kamlaza mapajani, shingo imemlegea bado. Mashine ilikuwa imetupwa nyuma ya banda la mbuzi. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole, badala yake nikamfokea, machozi yananitoka.

"Dada, wewe umekua na udaga mkononi! Mama alitufundisha sote. Ilikuwaje ukakubali kuanika mihogo mibichi ukawapa watoto?"

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinitazama tu kwa mshangao, huku anamfuta binti yake mdomo kwa upindo wa kanga.

"Mdogo wangu, si ilitoka kwenu? Nilimuuliza yule aliyeileta, akasema ndiyo, ni ya kule Nyakato anakofanya kazi mdogo wako. Nikajua umeshawaambia mihogo yetu ilivyo, na wao wameshatafuta njia ya kutoa sumu."