Kibaraza cha Nasma

Nasma ni fundi cherehani, na mimi simpendi. Si siri, mwenyewe anajua. Tumeishi kota moja hapa Mabawa miaka ishirini na sita, mlango kwa mlango. Akikaanga samaki najua kama ni changu au kibua. Kota zikavunjwa, likapandishwa ghorofa, tukarudishwa wapangaji wa zamani pamoja na wageni mara tatu yetu. Mimi nikatupwa ghorofa ya nne. Nasma yuko chini, ana kibaraza, cherehani kaitoa nje, wateja wanamwona toka barabarani. Roho yaniuma, nisiseme uongo.

Nyumba za chini, ofisi ya nyumba walisema ni za wenye wazee wasioweza ngazi. Mama yangu, Bi Samiha, magoti yalimkataa zamani. Kwa hiyo kibaraza kile kilikuwa changu mimi.

Siku ya kuwaandika wazee, kabla nyumba hazijagawiwa, nilifagia tangu alfajiri. Mgeni anakuja! Nikamwogesha mama, nikamvika kanga za Idi, nikamfukiza udi, nikamkalisha kitini, magoti nikayafunika vizuri. Akaingia binti wa ofisini, Benedikta, na daftari lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo? Na miguu je?"

"Sijambo kabisa, alhamdulillahi. Karibu chai."

Angejibu nini tena? Mama yangu hajapata kumlilia mgeni shida. Na mimi, zuzu, nimesimama pale natabasamu, najiona nimelea mzazi vizuri. Binti akaandika: mzima.

Nasma hata ukumbi hakufagia. Mama mkwe wake kamwacha mkekani, analia mgongo. Kapewa chini! Yule bikizee akafariki kabla hatujahamia, Mungu amrehemu, lakini karatasi ya nyumba ilishatoka. Nilikwenda matangani nikalia sana, na nusu ya machozi nilikuwa nakililia kibaraza.

Watu wakaniambia, "Saleha, si umwombe mbadilishane?" Nimwombe Nasma? Mimi? Thubutu!

Miezi minane mama hakukanyaga ardhi. Kila asubuhi namwuliza, "Mama, huku juu hupati taabu?" Ananijibu, "Sijambo, mwanangu. Upepo mzuri." Nami nikaamini, maana ilinifaa kuamini.

Sikukuu ya Idi, majirani wawili wakamteremsha na kiti chake, wakamweka kibarazani kwa Nasma. Nikapanda kufuata pilau. Niliporudi na sinia, nikasikia sauti, nikasimama kwenye ngazi.

Nasma alikuwa anapindia shela, hata macho hajainua. "Mama, huko juu unaishije?" Anamwita mama! Mama wa nani?

Na mama yangu akalia. "Nimechoka, Nasma. Nayaangalia mabati ya watu toka asubuhi mpaka magharibi. Usiku magoti hayanipi usingizi."

Wallahi, wivu ulinipanda. Kibaraza amenichukulia, sasa na hili? Neno nililoomba miezi minane anapewa yeye, bure, huku anashona!

"Basi leo hupandi, mama," Nasma akasema. "Unalala hapa." Mama akamshika mkono.

Nikatua sinia, nikapiga magoti mbele ya mama. "Mama, magoti yanakuuma?"

Akajifuta uso upesi, akaivuta kanga, akayafunika.

"Sijambo kabisa, mwanangu, alhamdulillahi," akaniambia. "Karibu ukae."