Kimeng'enya cha Wifi

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyefungua friji ya maabara ile bila kumuuliza Mama Barafu. Jina hilo alilipata kwa haki. Kila kimeng'enya, ile protini inayoharakisha kazi za seli, alisema, kikitolewa tu ndani ya bakteria kiwekwe kwenye barafu, kichujwe kwenye chumba cha baridi na kipimwe humo humo, la sivyo kitakufa. Alivaa sweta mbili kazini hata siku ambazo wengine walijipepea kwa madaftari.

Kisha akaja wifi yake, mdogo wa mumewe, na digrii zake mpya. Na nani aliyempigia debe kwa Profesa, mkuu wa maabara? Mama Barafu mwenyewe! Alijipalia makaa. Kabla mwaka haujaisha, Profesa akawa anauliza, "Wifi yako anasemaje?" kwa mambo ambayo zamani angemuuliza yeye. Nyumbani nako mume hakuwa na hadithi ila ya dada yake. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wifi alikuwa akikuza bakteria wa chemchemi ya maji moto, wanaostawi kwenye joto la kukubabua ngozi. Alitaka kukitoa kimeng'enya wanachopumulia, kikiwa safi, na kueleza kinavyofanya kazi. Miezi miwili ya kuchuja na kuchuja tena ilimpa chupa mbili ndogo, zenye rangi nyekundu ya kupendeza.

"Wifi, nipimie wewe," alisema. "Mimi naogopa kukosea."

Kipimo chenyewe si kigumu: tone la kimeng'enya, chakula chake, na rangi ya buluu. Kikiwa hai, buluu inafifia. Mama Barafu alipima kwenye chumba chake cha baridi, kama ada. Buluu ikabaki buluu. Akafurahi, tusifichane, akafurahi mpaka akajionea haya. Alikwenda kwa Profesa kwanza, ndipo akamwambia mwenyewe: "Pole, wifi. Kimekufa."

Wifi angembishia vipi mwalimu wake, aliyemfundisha kazi za maabara ile? Akachukua chupa zake, machozi yanamlengalenga, akaelekea kwenye sinki.

Mama Barafu akaufuata mrija wa kipimo, aliouacha juu ya tanuri dogo la kukuzia bakteria, penye joto, alipokimbilia kutangaza msiba. Buluu haikuwepo tena, hata chembe. Papo hapo akaelewa. Mzaliwa wa maji moto, naye kampima kwenye baridi! Kimeng'enya hakikufa, kilikuwa kimezubaa tu.

Sinki lilikuwa hatua nne kutoka pale. Alihitaji kusema neno moja, akalishikilia mdomoni. Akinyamaza, kesho Profesa angerudi kumuuliza yeye. Akasikia chupa ya kwanza ikimwagwa yote.

"Subiri!" likamtoka, wakati chupa ya pili imeshainamishwa.

Wifi alipouona mrija alimrukia shingoni. Profesa alipokuja, alimkuta wifi anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mtu mwingine angeniacha nimwage zote, Profesa! Wifi yangu kaniokoa."

"Ndiyo maana nasema huyu ni mwalimu wetu sote," Profesa akajibu.

Mwaka mzima Mama Barafu alikuwa na kiu ya maneno hayo. Akaiokota chupa tupu, akaiosha mara tatu, na hakuweza kumtazama wifi yake usoni.