Gari la Harusi Lililokataa Kupunguza Mwendo

Walisema gari langu halitapanda mlima wa Timboroa. Wengine wakasema litapanda, ila nikifika Eldoret nitaliuza vipande vipande, leo mlango, kesho taa, mpaka nibaki na usukani mkononi. Jirani yetu mmoja, karani aliyetoka Mkoa wa Magharibi, mtu wa maneno mengi, aliniambia mbele ya watu, "Umekaa ng'ambo miaka minne ukatuletea karatasi moja na gari nzee. Hiyo karatasi itasukuma gari?"

Karatasi hiyo ilikuwa diploma ya umeme wa magari. Niliipata nikiosha sahani za watu ili nilipe karo, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuipata kabla yangu. Gari nalo lilipanda Timboroa bila kukohoa, dirisha wazi, mimi nikiimba.

Lilikuwa refu, rangi ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, gia za kujibadilisha zenyewe. Miaka ile ya chama kimoja gari la namna hiyo lilikuwa la mkubwa fulani, na polisi wa barabarani walinipigia saluti kabla hawajaona ni nani aliyemo. Lakini nililojivunia zaidi ni kruzi, kile kifaa cha kushikilia mwendo. Unabonyeza kitufe, unatoa mguu kwenye mafuta, na gari linakwenda kwa mwendo ule ule mpaka uguse breki. Kutoka Moiben hadi Turbo hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa nacho.

Kulitoa bandarini nilikopa kwa watu watatu. Mjomba wangu wa Moiben aliuza fahali. Karani yule yule aliyenicheka alitoa akiba yake, nami nilimheshimu kwa hilo. Sehemu kubwa ilitoka kwa mzee mwenye duka Yamumbi, aliyehamia huku kutoka Mkoa wa Kati na kujenga duka lake kwa matofali aliyoyafyatua mwenyewe. Niliwaahidi kwamba gari litabeba maharusi, na harusi za Desemba zitawalipa wote. Mzee aliweka sharti moja tu, kwamba harusi ya kwanza iwe ya binti yake.

Magari ya harusi mjini yalipambwa na mama mmoja fundi wa nguo, aliyekuwa na kibanda na cherehani moja karibu na soko. Utepe wake haukulegea hata gari likienda Kitale na kurudi. Asubuhi ya harusi nilimfungulia boneti, kwa sababu wageni walitaka kuona injini na mimi nilitaka waione. Nikamwambia, "Mama, usifunge fundo kwenye vyuma vyangu vya kung'aa. Wala kwenye wipa."

"Sasa nifunge wapi? Kwa hewa?"

"Tafuta mahali. Wewe ndiye fundi."

Alicheka, akatafuta mahali.

Tukaondoka Yamumbi kwenda Chepsaita, kwenye kanisa la kwao bwana harusi. Mzee alikaa mbele nami, bi harusi na matroni wake nyuma. Tulipofika kwenye lami iliyonyooka ya kwenda Turbo nilibonyeza kitufe, nikakunja miguu yangu chini ya kiti.

"Mzee, angalia miguu yangu."

Mzee aliinama akaangalia. "Nani anaendesha?"

"Diploma," nikasema.

Tukapanda kilima kidogo na gari likajiongezea mafuta, kama inavyotakiwa. Tulipofika juu lilipaswa kupunguza. Halikupunguza. Tukateremka na mwendo ukaongezeka. Niligusa breki, kruzi ikajizima, nikaona taa yake ikizimika, na bado injini ilinguruma kama nimekanyaga mafuta mpaka chini. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Harufu ya breki ikajaa ndani. Mbele yetu kulikuwa na trekta lenye tela la mahindi.

Nilifanya kile nilichofundishwa. Nilisukuma gia mahali ambapo injini haivuti magurudumu, nikageuza ufunguo nusu tu ili usukani usijifunge, nikalielekeza gari pembeni kwenye nyasi. Likasimama kando ya shamba la mahindi. Hakuna aliyeumia. Bi harusi aliuliza kwa sauti ndogo, "Tumefika?"

Alifika kanisani ameketi mbele katika pikapu iliyobeba kreti za soda, na mimi nikabaki na gari langu.

Kufikia Jumatatu mji mzima ulikuwa na habari. Gari lina majini. Gari linachukia maharusi. Familia mbili zilizokuwa zimeniagiza kwa Desemba zilituma watoto kuniambia zimebadilisha mpango. Mzee akatuma ujumbe kwamba Jumamosi wadai wangu wote watatu watakutana dukani kwake kuamua kama gari liuzwe. Mkulima mmoja wa ngano alikuwa tayari kununua gari, si kwa ajili ya barabara, bali ang'oe injini aiweke kwenye pampu ya maji. Injini ile, ivute maji kutoka bwawani.

Nilifungua boneti nikalichunguza siku mbili. Kruzi ya gari lile ilivuta mafuta kwa mnyororo mwembamba wa shanga za chuma, uliounganishwa na mkono wa kabureta, ule unaofungua mafuta. Niliupapasa shanga kwa shanga. Pale karibu na mkono wa kabureta, vidole vyangu viligusa kitu laini. Kilikuwa kipande cha utepe mweupe, kimejizungusha na kubanwa. Kruzi ilipovuta pale kilimani, utepe uliingia pamoja na mnyororo ukaushika mkono, na mafuta yakabaki wazi. Hakuna fundi mwingine Eldoret ambaye angeukuta. Nasema hivyo bila haya.

Lakini niliketi na utepe ule mkononi nikijua kwamba peke yake hautanisaidia. Mtu anayedaiwa akileta kipande cha kitambaa, nani atamwamini? Tena, ni mimi niliyekataza wipa.

Nilikwenda kibandani. Mama fundi alikuwa akishona sare za shule. Niliweka utepe juu ya cherehani.

"Ni wangu," akasema. "Niliona kamnyororo kazuri, kadogo kama shanga. Nikasema hapa patashika."

"Pamoja na maneno yangu ya wipa."

"Na maneno yako ya wipa. Lakini mkono ulikuwa wangu." Akauchukua utepe. "Nikisema hivi kwa watu, nani atanipa gari tena nipambe?"

Nilimwambia wadai watakutana dukani Jumamosi, ila sikumwomba aje. Niliona aibu kumwomba.

Jumamosi nilimkuta dukani kabla yangu, amevaa nguo za kanisani. Mzee alikuwa nyuma ya kaunta, chini ya picha rasmi ya Rais, mjomba na karani wameketi juu ya magunia, na wateja wamejaa mlangoni. Mama alisimama katikati akasema, "Hiyo gari haina majini. Ni mimi nilifunga utepe ndani ya injini. Huyu alinikataza kufunga nje, lakini kufunga ndani ni mimi. Karibu niue binti ya wenyewe."

Karani alitaka kutania. "Kwa hivyo Mama pia alitaka kuwa mekanika?"

"Na wewe ulitaka kuwa nani, ukimkopesha mtu unayemcheka?"

Watu walicheka, karani akicheka kuwazidi. Nimewahi kukaa na maprofesa huko ng'ambo, na sijaona tena mtu akiweka riziki yake mezani kama Mama alivyofanya, kwa sauti ya kawaida.

Mzee alivua aproni. "Tuende," akaniambia. Akaketi mbele, pale pale alipoketi siku ya harusi, tukarudi kwenye lami ile ile. Kilimani akasema, "Bonyeza." Nikabonyeza. Tulipofika juu gari lilijipunguzia lenyewe, kwa utulivu. Tulipogeuka kurudi, Mzee akaniuliza, "Ulisema inaitwa nini hiyo?"

Mkulima wa ngano alitafuta injini kwingine.

Nilimwonyesha Mama vishikio viwili nilivyovichomelea pembeni ya boneti kwa ajili yake, na kuanzia hapo ikawa mwiko mtu mwingine kupamba gari langu. Desemba ile hatukupumzika Jumamosi hata moja. Maharusi wenyewe walimtaka yeye, kwa sababu, walisema, huyo akikosea anakuambia.

Nilimaliza madeni yote kwa siku moja, baada ya Krismasi. Asubuhi Moiben kwa mjomba, aliyekuwa tayari amechagua fahali mwingine. Saa saba kwa karani, aliyehesabu mara mbili kisha akaniuliza kama bado naosha sahani. Jioni nilifika Yamumbi. Mzee alipokea fungu lake, akalifunga kwenye kitambaa, akarudi kwenye mizani yake.

"Sasa hudaiwi," akasema. "Nunua kitu."

Nikanunua sukari kilo mbili, nikalipa papo hapo.