Gego Jeupe Mbele ya Wakwe

Jamani, nitasimulia, ila mcheke taratibu maana mke wangu yuko chumba cha pili na hii habari kwake bado haijapoa. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, niliwahi kudondosha juisi kwenye kanzu nyeupe mbele ya wakwe, halafu nikaachama mdomo kama kifaranga wa njiwa ili bibi wa mchumba wangu anikague meno.

Kwao Zaina, huyo mchumba wangu, ni watu wa Kondoa, wamehamia hapa Dodoma mjini, Chang'ombe, watu wa swala tano. Mimi nalima zabibu Hombolo. Baba yake alikuwa na hofu moja tu juu yangu, kwamba zabibu za huku nyingi zinaishia kwenye chupa za mvinyo, na huenda mkulima naye anazifuata humo humo. Pombe sijawahi kuionja, wallahi, lakini Zaina alishanionya: "Shabani, baba akikuhisi tu unakunywa, mimi na wewe basi."

Sasa siku ya kwenda kujitambulisha, miadi ikiwa baada ya adhuhuri, nikaamka gego la chini linanipwita. Nikasema niwahi kuliziba asubuhi, nikale pilau kwa amani. Daktari wa meno, dada mmoja mpole, akaniambia gego la kutafunia lenye tundu kubwa vile, yeye angeliziba kwa ile ya chuma, ni imara na anamaliza haraka.

"Daktari," nikamwambia, "leo naenda ukweni, nicheke nionekane nimetafuna betri? Niwekee ile nyeupe."

"Hilo liko nyuma kabisa kaka, nani ataliona?"

"Mimi nikicheka nacheka mpaka mwisho." (Yaani najisikia vibaya hata kuirudia.)

Basi, kumbe ile nyeupe inataka jino liwe kavu, na mimi mate yangu ni ya mtu anayewaza pilau, akapaka, yakaingia, akatoa, akaanza upya, ganzi ikaanza kuisha, akanichoma sindano nyingine, mpaka natoka pale adhuhuri imeshapita, nusu ya uso siijui iko wapi, na mdomoni nanukia dawa ya kusukutulia yenye harufu ya spiriti. Daktari akanishauri nisubiri ganzi iishe kwanza. Nikampungia mkono nikaondoka.

Mjomba Idi, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu, alikuwa ananisubiri amenuna. Nikajaribu kumweleza, akasema, "Nyamaza, kazi yako leo ni kukaa tu, nitasema mimi." Na ni kweli, posa hasemi mposaji. Lakini tulipokaribishwa, baba mkwe akapitisha macho juu ya mjomba kama hayupo, akanitazama mimi. "Kijana, nataka nikusikie mwenyewe. Zabibu zako unamuuzia nani?"

Nikataka kusema nauza nzima nzima sokoni. Ikatoka, "Nauja njima njima chokoni."

Wakaniletea juisi ya rozela, na mimi kwa kujitia adabu nikapiga funda kubwa, nusu ikapita kooni na nusu ikateremka upande wenye ganzi, nyekundu ile, kidevuni, kifuani, mpaka mapajani, na mimi sina habari, natabasamu kwa upande mmoja.

Bibi yake Zaina akasogea, akaninusa. "Huyu kalewa," akasema. "Chakari."

"Ametoka kuziba jino, Bibi!" mjomba akaruka.

"Basi alionyeshe," akasema Bibi.

Nikaachama. Baba mkwe akawasha tochi ya simu, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, Bibi naye akaingiza kichwa. Yule dada mpole alikuwa fundi kwelikweli. Meno yote meupe, huoni mwanzo wala mwisho.

"Sioni kitu," akasema baba mkwe.

Bibi akavuta shavu lake mwenyewe kwa kidole, ndani gego limezibwa kwa chuma, jeusi linang'aa. "Jino lililozibwa ndilo hili. Hili hata kipofu analiona!"

Nyuma ya pazia nikamsikia Zaina analia. Hapo ndipo iliponiuma, na hakuna ganzi ya hiyo. Baba akasimama, akasema tutarudi siku ulimi wangu utakapokuwa umerudi nyumbani.

Kesho yake nikakimbilia kwa daktari, nikamwomba aitoe ile nyeupe aweke chuma. Akakataa, hachokonoi jino zima kwa ajili ya wakwe. Ila alipochungulia akakuta tundu dogo upande wa pili, na mimi sijawahi kufurahia tundu kama siku ile. "Chuma," nikasema, "tena ling'ae."

Safari hii nikasubiri ganzi iishe, nikalala, nikaamka, ndipo tukarudi. Kabla hata ya kukaa nikaachama. Bibi akachungulia, akapiga kigelegele. "Kumbe lipo! Siku ile tochi ilikuwa mbovu." Baba mkwe akaniomba radhi, na posa ikapokelewa.

Nimejiapiza sitatoka tena kwa daktari wa meno kwenda mahali pengine popote isipokuwa kitandani. Ila kuna jambo kwao Zaina pekee ndiye anayelijua, na kila sikukuu ya Idi Bibi anaponiachamisha mbele ya wageni awaonyeshe jino lililonisafisha, Zaina ananikanyaga mguu chini ya meza. Bibi hajawahi kuuliza kwa nini siku ile mdomo ulinining'inia kushoto, na jino analowaonyesha liko kulia.