Kumi na Watano wa Mwalimu Mbusa

Kabla ya vita kumharibia msimu wa rugbi, Augustine Mbusa hakuwa mtu wa hasira. Waulize waliomjua katika mji wa Kitshanga, milimani juu ya Goma. Alitoka Butembo akiwa kijana, akaja kumsaidia kaka yake mkubwa, Kataliko, katika duka la vitenge na sabuni. Kazi hiyo hakuiweza hata kidogo. Wateja walimpiga maneno matamu, naye akawaonea huruma wote, mpaka Kataliko akamtoa kwenye meza ya duka kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo akapata kufundisha mazoezi ya viungo katika sekondari ya pale.

Rugbi aliijulia Goma alipokuwa akisomea ualimu, akarudi nayo Kitshanga kama mtu aliyerudi na mke wa pili. Mkewe halisi, Kétsia, hakuacha kumtania. "Benye akili banacheza ballon ya muviringo," alimwambia. "Ile yako ya yai hata yenyewe haijue inaenda wapi." Mbusa alicheka. Wakati ule bado alikuwa na kicheko.

Kwa miaka kadhaa alifundisha vijana wazito wasio na mbio, au wenye mbio wasio na kifua. Mwaka wa shule ulioanza Septemba 2012, vyote vikamjia kwa pamoja. Alikuwapo Sebahire, nahodha, mtoto wa wafugaji wa milimani, ambaye shingo yake hukuona inapoanzia. Katika mêlée, pale wachezaji wanane wa kila upande wanapoinama, wakashikana mabega na kusukumana kuugombania mpira, Sebahire hakusogezwa na mtu. Alikuwapo Hakorimana, mpole mpaka walimu walimsahau darasani, lakini akiutoa mpira kwenye zogo lile unafika mkononi mwa mwenzake bila wasiwasi. Na alikuwapo Pierre Ndoole, mwembamba, mtoto wa walimaji wa Kihunde. Huyo ukimpa mpira pembeni ya uwanja, basi tena, wengine wote wanabaki kumtazama visigino.

Mbusa aliwaza jambo lenyewe hata akila: Sebahire auchomoe mpira, Hakorimana autoe, Pierre aende nao. Alitaka kitu kimoja tu, kuwaona vijana wake kumi na watano wakicheza mechi moja pamoja, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Mtu mwingine anaomba nyumba ya mabati. Yeye aliomba hicho, na nisikie nani atasema aliomba kikubwa.

Mazoezi yalianza, na kabla hayajakolea, kiwanja kikaondoka. Wakimbizi wa vita walishuka kutoka upande wa Walikale na vijiji vya juu, wakajenga vibanda vya turubai kuanzia goli hili hadi goli lile. Sasa utamkasirikia nani? Umwendee mama aliyetembea na watoto mgongoni, umwambie ahamishe sufuria zake upate kucheza? Mbusa aliimeza hasira. Vijana wakawa wanapasiana mpira katika uchochoro wa nyuma ya madarasa, wachache wachache, bila kukimbia na bila kusukumana, maana hata kugeuka ilikuwa taabu. Mechi zote ikabidi wazifuate ugenini.

Na ugenini ndiko kulikokuwa na bariere.

Barabara ya kwenda Mweso ilikuwa mikononi mwa kundi moja lenye bunduki, na ile ya kwenda Masisi mikononi mwa kundi jingine, na kila kundi lilikuwa na watu wake ambao halikutaka kuwaona. Kamba ilifungwa barabarani, lori linasimama, mmoja anapanda kuwatazama vijana usoni. Hakuuliza mnakwenda wapi. Aliuliza, "Wewe, jina ya baba yako njo nani?" Jina lilitaja kabila, na jibu hilo ndilo lililochagua timu. Njia ya Mweso, Pierre na wenzake wa majina kama lake hawakuthubutu kupita. Njia ya Masisi, Sebahire na Hakorimana hawakuthubutu. Mbusa peke yake, Mnande wa Butembo, kabila lisilo na ugomvi nao, alipita kote. "Uyu iko munande, muntu ya biashara, mwache," walisema, na mmoja akaubonyeza mfuko wa mipira akitaka kujua anauza nini. Kocha anapita na timu haipiti. Jamani, kuna kuchekwa kuliko huko?

Mweso walikwenda bila Pierre. Sebahire alicheza siku ile kama mtu anayefukua viazi: kila mêlée alitoka na mpira, akaurudisha nyuma safi, Hakorimana akautoa safi, na kule pembeni akaupokea kijana mmoja mnene ambaye kabla hajageuka ameshalala chini. Walifungwa. Baadaye walikwenda Masisi bila Sebahire na Hakorimana. Pierre alisimama pembeni mchana kutwa akipuliza vidole, maana mpira haukumfikia. Mbele yake mêlée ilibomoka kila mara. Ulipomfikia mara moja tu, alikimbia uwanja mzima na kufunga, na hata watu wa Masisi walimpigia makofi. Walifungwa tena.

Nyumbani Mbusa aliigombeza sombe, mboga ya majani ya muhogo, akasema haina chumvi, halafu akasema chumvi imezidi. Kétsia alimwondolea sahani. "Kama unakasirikia bariere, enda ukaigombeze bariere," alimwambia. "Sombe yangu haina bunduki."

Hapo ndipo akili ilipomjia. Ilibaki mechi moja, ya marudiano na Mweso. Kama haiwezekani timu yake kwenda, basi Mweso waje. Kitshanga kwao hakuna kamba mlangoni, wote kumi na watano watatoka majumbani mwao na kuingia uwanjani. Akaenda kwa Mama Mukandayisenga, mjane mwenye malisho nje kidogo ya mji, akamsihi mpaka mama yule akachoka. "Mutacheza mchana moja," alisema. "Ngombe zangu nitazipeleka ku mto. Lakini mavi, mutatosha wenyewe." Vijana waliyaondoa mavi wakiimba. Munyakazi, kocha wa Mweso, alituma neno kwa dereva wa lori kwamba watakuja.

Siku yenyewe ilipofika, Mbusa aliwapanga vijana wake kwenye majani, akarudi nyuma awatazame. Sebahire mbele, Hakorimana katikati, Pierre kule pembeni akirukaruka. Kumi na watano. Aliona raha, na hakuona aibu kuisema. "Muko bazuri," aliwaambia.

Kisha lori la Mweso likafika, wakashuka wachezaji tisa.

Mbusa aliendelea kutazama nyuma ya lori, akidhani wengine wamelala kwenye magunia. Munyakazi alimjia taratibu, kofia mkononi. "Mwalimu, benzetu wengine balibaki," alisema. "Ile bariere ya njiani, na kwetu iko batoto benye habawezi kuipita." Na hapo Mbusa akaliona kosa lake, likamchoma. Msimu mzima alikuwa ameihesabu njia hiyo kama mkosi wake yeye. Haikumpitia kichwani hata siku moja kwamba vijana wa Mweso nao wana baba, na baba zao wana majina.

Préfet, yaani mkuu wa shule, mtu wa kupenda matokeo, alikuwa ameshaanza kupiga makofi. "Forfait," alitangaza. "Tisa hawachezi na kumi na tano. Tumeshinda."

"Sitaki kushinda hivyo," Mbusa alisema.

"Unataka nini basi?"

Munyakazi ndiye aliyejibu, tena kwa adabu. "Mwalimu atuazime watatu. Tutakuwa kumi na mbili, na batoto bake kumi na mbili. Tutacheza."

Mbusa aliwatazama vijana wake. Akikataa, hakuna mechi. Akikubali, kumi na watano wake wamekwisha kabla ya filimbi. Kwa upande wowote alikuwa ameibiwa, na mwizi hakuwapo pale ashikwe shati. "Hapana," alisema. Sauti ilikuwa kali kuliko alivyotaka.

Sebahire alitoka kwenye mstari. "Mwalimu," alisema polepole, "siye tulikuya kucheza." Akawatazama wale tisa. "Na kama ukibapatia bale banyonge betu, utakuwa unabachekelea. Nitaenda miye." Akavuka. Hakorimana alimtazama mwalimu, akainamisha kichwa, akamfuata nahodha wake. Akaenda na wa tatu, mmoja wa wachezaji wa nyuma. Mbusa alipuliza filimbi kwa sababu hakuwa na la kufanya tena.

Ilikuwa mechi nzuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Vijana walicheka, walianguka, waliitana kwa majina. Mara moja Pierre alipata mpira pembeni, akawaacha watatu, na pale karibu na mstari Sebahire akamkamata kiunoni, akamlaza chali kwenye majani ya Mama Mukandayisenga, akamnyanyua na kumpangusa mgongo. Watu wote walipiga kelele za furaha. Mbusa alisimama na filimbi mdomoni, akatamani kulia kwa hasira, maana hao wawili ndio aliowangoja wakimbie upande mmoja. Mweso walishinda, kwa mpira aliouchomoa Sebahire.

Haikupita muda mrefu, vita vikaingia Kitshanga penyewe. Mji uliungua sehemu kubwa, na watu walitawanyika kila mmoja na njia yake. Ukoo wa Sebahire ulihama na ng'ombe, wasijulikane upande gani. Hakorimana alisemekana yuko kambini karibu na Goma. Mbusa na Kétsia walimfuata Kataliko hadi Hombo, kwenye barabara ya Bukavu, alikofungua duka jipya. Safari hii kaka yake hakumfukuza kwenye meza, maana Mbusa alikuwa haonei tena wateja huruma.

Siku moja aliingia kijana mwembamba mwenye matope mekundu hadi magotini, akitaka chumvi na betri za tochi. Alikuwa Pierre. Shule ilimfia njiani, akaenda machimbo ya Omate kuchimba mawe ya madini, na sasa alikuwa akipita. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Kétsia alimletea chai, Pierre akakaa juu ya gunia, wakawataja wenzao mmoja mmoja kwa habari chache walizokuwa nazo.

"Mwalimu," Pierre alisema, amechangamka, "ile équipe yetu, siye wote kumi na tano, ilikuwaka na nguvu, eh? Hakuna mwenye angetuweza."

Mbusa alitaka kusema ndiyo.

"Sijue, Pierre," alisema. "Sikuionaka."

Akachukua kikopo, akaendelea kumpimia chumvi.