Ubeti wa Tatu wa "Nirudishie Kitana"

Saa mbili asubuhi, pasi imeshapata moto na mvuke unapanda hadi kwenye taa. Mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani anatandaza shati jeupe mezani, anawasha redio ndogo iliyo kwenye rafu, na anasubiri. Gitaa linaanza, na mkono wake nao unaanza.

Ubeti wa kwanza ni wa kola na mabega. Kiitikio kikifika, anainua pasi na kuligeuza shati. Ubeti wa pili ni wa mgongo na mikono. Wimbo unapokwisha, shati liko kwenye hanga.

"Hiyo saa ya ukutani ni pambo," anasema. "Mimi nakwenda na wimbo."

Wateja wa duka hili la dobi wanamwita Kiitikio. Jina la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho. Ana miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza mbele ya meza hii. Analipwa kwa shati, na siku ikiwa njema anafikisha mashati sitini.

Lakini si mashati yaliyomleta mwandishi hapa. Ni kopo la vifungo analolificha nyuma ya dumu la maji. Ndani yake kuna kadi ya kumbukumbu, ile ndogo ya simu ambayo hata redio yake huisoma, iliyofungwa kwenye leso, na ndani ya kadi kuna wimbo mmoja tu, ulioimbwa na watu sitini na watatu tofauti.

Wimbo wenyewe ni "Nirudishie Kitana", dansi la zamani kuhusu mtu aliyeondoka na kitana cha mwenzake, na mwenzake akaapa kutochana nywele hadi arudi. Umerudiwa na kwaya, na bendi za harusini, na vijana wa kompyuta, na bwana mmoja aliyejirekodi akipiga mluzi bafuni.

"Wa kwanza ndiye bibi," anaeleza Kiitikio. "Hawa wengine ni wajukuu. Huyu kachukua pua ya bibi, yule kachukua ukali wake. Kuna mmoja humu hajachukua chochote, lakini mtoto hatupwi."

Kila mjukuu ana kazi yake. Wa kasi ni wa mashuka. Wa kwaya ni wa magauni ya bibi harusi, kwa kuwa hana haraka. Wa mluzi hana kazi, anasikilizwa kwa kucheka tu.

Ukimuuliza kwa nini sitini na watatu, anaiweka pasi chini kwanza. Mama yake naye alikuwa mpiga pasi, na wimbo huo aliuimba kila siku ya Mungu. Ila aliuimba na ubeti wa tatu, ambao Kiitikio hajausikia kwa mtu mwingine yeyote.

Miaka mitatu iliyopita mama alipatwa na kiharusi. Anaelewa kila kitu, anacheka, anakunja uso chai ikikosa sukari, lakini maneno hayatoki. Kila akipata mjukuu mpya, binti yake humpelekea Jumapili. Ubeti wa pili ukiisha, mama huinua kidole na kusubiri. Wimbo unakatika, kidole kinashuka.

"Kaka yangu anasema mama alikuwa anajitungia, niache kujitesa," anasema. "Mimi nakiona kile kidole. Anangoja kitu anachokijua."

Katika mistari minne ya ubeti huo, yeye ameshika miwili:

*Na kama kitana kimevunjika meno,*
*rudi hivyo hivyo, na mkono mtupu.*

"Miwili ya mwisho sikuwa naisikiliza. Mama yupo, anaimba kila siku, ningeishika ya nini? Hilo linaniuma mpaka leo."

Jibu lilikuja kwa njia ya shati lililoungua. Miezi miwili iliyopita, kituo kimoja cha redio kilipiga marudio ya wimbo huo ambayo hakuwahi kuyasikia. Ubeti wa kwanza ukaisha, na pasi ikangoja kiitikio ili inuke. Kiitikio hakikuja. Mpiga gitaa alikuwa ameamua kutembeatembea na nyuzi zake kwanza.

"Akakawia, nami nikakawia naye. Nilipostuka, mfuko wa shati ulikuwa umeshaiva."

Bosi aliamuru kwamba tangu siku hiyo marudio mapya yasikilizwe wakati wa kukunja taulo. Mwenye shati, mzee mwembamba anayeleta mashati mawili kila wiki, alipokuja, Kiitikio hakuzunguka mbuyu. Alimwambia aliponzwa na wimbo.

"Wimbo gani, mwanangu?"

Akamtajia. Mzee akavuta kiti, akaketi. Ujanani alikuwa mpuliza saksofoni wa bendi ileile ya "bibi".

"Ubeti wa tatu ulikuwepo," alimwambia. "Santuri ilikuwa haitoshi, dakika tatu zimekwisha. Tukaupiga ukumbini tu, watu wakishakuwa wamechoka kukaa."

"Mistari miwili ya mwisho inasemaje, mzee wangu?"

"Mimi nilikuwa napuliza. Anayepuliza hashiki maneno."

Kiitikio alicheka, kisha akalia, kisha akampa soda. Kumbe mama alikuwa hajitungii. Kumbe alikuwa akienda dansi, jambo ambalo hakuwahi kuwaambia wanawe.

Jumamosi hii duka likifungwa, watarekodi kwa simu mjukuu wa sitini na nne. Mzee atakuja na saksofoni. Bosi amekubali kwa sharti moja, kwamba pasi zote zichomolewe. Kiitikio ataimba beti mbili, ataingia wa tatu, ataimba mistari yake miwili, kisha atanyamaza. Saksofoni itaendelea peke yake, taratibu, kwa urefu wa mistari miwili.

Muuguzi anayemfanyisha mama mazoezi amemwambia kwamba wapo wagonjwa walioshindwa kusema wakaweza kuimba. Hakumwahidi kitu.

"Nimemchezea sitini na tatu," anasema Kiitikio, "na hakuna hata mmoja uliomwachia nafasi. Huu utamwachia."

Na asipoimba?

Anapitisha pasi begani mwa shati. "Kidole chake hakitashuka kabla wimbo haujafika kwenye ubeti wake," anasema, na kuinua pasi, kwa kuwa redioni kiitikio kimefika.